Kifaru Hakimbii Tisini

Jumanne, 3 Desemba

Leo nimepitwa na kochi.

Lilikuwa limefungwa kwa kamba za katani nyuma ya bodaboda, kochi la watu watatu, likielekea Litein. Mshale wa mita yangu ulikuwa juu ya tisini. Kijana wa boda alinipungia mkono taratibu, kwa heshima, vile watu hupungia gari la mazishi.

Nikasema huyu ana wazimu. Anakimbia mia na kumi na kochi mgongoni. Namjua mama yake, nitamshtaki. Kisha nikapitwa na trekta ya majani chai. Nikaacha habari ya kushtaki watu.

Kifaru ni pikapu yangu. Kebini mbili, rangi ya kijani pale ambapo rangi bado ipo. Mwezi wa Oktoba, mvua ilipogeuza kilima chetu hapa Boito kuwa uji, Kifaru alikuwa akikwama kila siku ya kupeleka majani. Kila akikwama, jirani yangu Jackton Aluoch alikuja kunivuta kwa kamba ya ng'ombe. Kuvutwa ni jambo la kawaida. Kuvutwa na gari dogo jeupe lenye vitambaa vya kufuma juu ya viti, mbele ya wachumaji wote, ni jambo lingine.

Basi nikamwambia fundi Ogoti wa Litein atoe difu ya nyuma, lile boga la chuma katikati ya ekseli, aweke la lori. Akaweka. Sasa Kifaru anapanda kilima kama mbuzi. Na tangu siku hiyo mita imekuwa ikiniletea habari njema tupu. Mahali nilipokuwa nikienda sitini, naona tisini. Nilidhani ni nguvu mpya. Nimejisifu nayo hata kanisani, kwenye kikao cha wazee, baada ya maombi.

Jackton naye alinipita kwenye mteremko wa kiwanda. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika ndizi.

Alhamisi, 5 Desemba

Kamati ya harusi, nyumbani kwetu. Niandike vizuri ili hasira isinichanganye.

Chepkemoi ni mtoto wa marehemu dada yangu. Amelelewa hapa tangu nasari. Tarehe kumi na nne anaolewa na Kipngetich wa Chepseon, na ibada iko huko huko kwa kina bwana arusi. Alipokuwa mdogo alikuwa akikaa mbele kwenye gari langu la zamani, miguu haifiki chini, na kusema, siku yangu ya harusi wewe Anko ndiye utanipeleka. Nikasema sawa. Yeye alikuwa mtoto, huenda amesahau. Mimi nilikuwa mtu mzima, sijasahau.

Mwenyekiti ni Dorcus, mkewe Jackton. Tulimchagua kwa sababu tunamwogopa. Alipofika kwenye swali la gari la bibi arusi nikakohoa kidogo, kikohozi cha mwenye jambo lake. Jackton naye akakohoa. Yeye huimba besi, kwa hivyo kikohozi chake kilisikika zaidi.

Akasema, kwa unyenyekevu ulionichoma, kwamba gari lake lina kiyoyozi na viti vyeupe. Akakumbusha kamati kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Chepkemoi kuendesha. Kweli, alimfundisha. Na Chepkemoi humwita Baba Nelvine kwa sauti yenye sukari vijiko viwili. Mimi nilimfundisha kukamua ng'ombe. Hilo halitajwi kwenye mikutano.

Nikasema Kifaru ni gari la heshima na anakimbia tisini bila kutoa jasho. Jackton akacheka. Akasema, "Omera, ndugu yangu, Jumanne nilikuwa nyuma yako. Kwangu ilikuwa sitini na nilikuwa nakula ndizi. Ukimbeba msichana kwa Kifaru tumwambie mchungaji ahamishe ibada iwe Jumapili."

Kamati nzima ikaangua kicheko. Hata Janeffer, mke wangu wa ndoa, mama ya watoto wangu, alicheka mpaka akaweka sinia chini.

Dorcus akagonga meza. Akakumbusha harusi ya mwaka jana, msafara ulivyotawanyika hadi bibi arusi akafika kanisani peke yake, wasimamizi wake wakiwa bado Kericho wananunua chipsi. Safari hii gari la bibi arusi litaongoza na litashika hamsini, hakuna zaidi, hakuna chini, kutoka Boito mpaka Chepseon. Mwenye mita ya uongo hataongoza. Jumatano kila mmoja wetu atajaribiwa barabarani, binti yao Nelvine akiwa kando na simu inayopima mwendo kwa setilaiti.

Chepkemoi alikuwa akimimina chai. Akaulizwa anamtaka nani. Akacheka, akasema wote wawili ni baba zake. Mtu husema hivyo akiwa amekwisha kuchagua, na si wewe.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimepata dawa, na haihitaji fundi.

Nilifikiri hivi. Mshale hauna makosa. Wenye makosa ni nambari. Mshale ukisema tisini na ukweli ni sitini, kosa la mshale liko wapi? Andika sitini pale penye tisini, andika arobaini pale penye sitini, na kila mtu atakuwa na amani.

Nikafungua dashibodi, nikatoa kioo cha mita, nikachukua rangi ya kucha ya Janeffer, nyekundu, ambayo inashika kuliko rangi yoyote inayouzwa Litein. Nikaandika nambari mpya kwa mkono wangu. Miwani nilikuwa nimeiacha ndani. Arobaini ilitoka kama kumi, lakini mwenye gari anaelewa. Nikaenda mpaka kituo cha majani na kurudi. Safi kabisa. Nilijisikia kama mvumbuzi.

Nilipoegesha tu, Jackton akaja kuazima jembe. Haazimi jembe huyu, ana majembe matatu. Akachungulia dirishani, akatazama mita kwa muda mrefu.

Akauliza kama Kifaru amepata surua.

Kisha akauliza, kwa upole, kama huwa naegesha kwa spidi hiyo. Nikatazama. Gari limezimwa, funguo ninazo mkononi, mshale umesimama kwenye sitini. Ulikuwa umenasa kwenye tone la rangi ambalo halijakauka.

Nikamwambia ni mtindo mpya. Akasema ahaa. Akaenda na jembe.

Janeffer amegundua chupa. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa rangi ya kucha ya harusi. Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Jumapili, 8 Desemba

Baada ya ibada kulikuwa na mazoezi ya kwaya ya harusi kule kwa shule. Jackton aliwabeba wasimamizi wote. Chepkemoi alikaa mbele. Mbele! Kiti kilekile cha ahadi, ila gari si lile na dereva si yule. Walikuwa wanacheka jambo fulani. Nilijaribu kusoma midomo yao nikashindwa, nikaamua walikuwa wananicheka mimi.

Jackton alisimama akaniambia nipande, nafasi ipo. Nikasema hapana, daktari ameniambia nitembee. Akauliza daktari yupi. Nikasema wa Kericho. Akasema asante kwa huyo daktari, anafanya kazi nzuri, akaenda.

Mvua ilinipata kwenye daraja. Mvua ya huku ukiipata kwenye daraja inakufuata mpaka sebuleni.

Kitu kimoja kinanisumbua kuliko baridi. Chepkemoi aligeuka nyuma, akanitazama kupitia kioo mpaka wakapotea kwenye kona. Sijui alikuwa anafikiri nini. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipompakia kwa Kifaru. Kila akitaka kwenda mahali, Kifaru huwa kwa fundi.

Jumatatu, 9 Desemba

Kwa Ogoti asubuhi. Alipoona rangi ya kucha aliita mafundi wa pande zote mbili za barabara waje waone. Hakuwa na sababu ya kuwaita wa ng'ambo.

Nikamuuliza mbona hakuniambia kwamba difu ya lori itaharibu mita. Akasema mbona mimi sikumuuliza. Ogoti ana jibu kwa kila kitu, ndiyo maana gereji yake haikauki wateja na wateja hawakauki malalamiko.

Akanieleza kwa kelele nyingi na bisibisi mkononi. Kumbe mita haiyajui magurudumu. Inasikiliza tu ile shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Difu ya lori inataka shafti izunguke sana ndipo gurudumu lizunguke mara moja, na hiyo ndiyo nguvu yangu ya kilima. Mita inasikia shafti ikihema inadhani tunaruka. Akasema ni kama karani wa majani ambaye hapimi gunia, anasikiliza tu wachumaji wakipiga kelele shambani na kuandika kilo.

Hapo nilielewa. Karani wa namna hiyo ningempenda sana.

Dawa yake, akasema, ni kigia kidogo cha plastiki, ukubwa wa kifuniko cha soda, kinachokaa kwenye giaboksi mwanzo wa waya wa mita. Ukibadilisha idadi ya meno yake unabadilisha mwendo wa mshale. Akatafuta kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akatoa kimoja, akakitia bila kuhesabu chochote.

Nilipotoka getini mshale ulikuwa mia na ishirini. Nilikuwa nimempisha kuku.

Nikarudi. Ogoti akasema lo, kumbe tulikuwa tunataka meno mengi si machache. Alisema "tulikuwa" kana kwamba nami nilishika mkebe. Akatoa kingine, cha rangi ya bluu, na safari hii akahesabu meno kwa ncha ya msumari, akafuta rangi ya kucha kwa petroli, akanipeleka kwenye barabara ya lami yeye mwenyewe. Mwenye gari lingine akatusindikiza sambamba, vioo vikiwa wazi, wakitajiana nambari kwa sauti kama watu wa mnada. Hamsini, hamsini. Sitini, sitini.

Sawasawa kabisa. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa na grisi.

Aliponirudishia funguo alinishika bega. Akasema, Mzee, sikiza, hii sasa imepimwa na difu hii na magurudumu haya. Ukibadilisha chochote chini ya hili gari, hata tairi, urudi kwangu kwanza. Nikasema ndiyo, ndiyo.

Jumatano, 11 Desemba

Ushindi. Naandika polepole ili udumu.

Jaribio lilianza na Jackton. Alikuja amevaa miwani ya jua, na jua halikuwepo. Nelvine alikaa kando yake na simu, Dorcus nyuma na uso wake wa mwenyekiti. Walirudi kimya. Huo ukimya niliupenda tangu mbali.

Dorcus akasoma matokeo mbele ya kamati. Mita ya Baba Nelvine ikisema hamsini, simu inasema arobaini na sita. Jackton akasema magari yote hutoka kiwandani yakizidisha kidogo, ni kawaida, mtu yeyote anayejua magari anajua. Nikasema, kwa unyenyekevu wake mwenyewe niliouazima, kwamba mimi si mtaalamu, lakini uongo mdogo nao ni uongo. Akanitazama vibaya. Lilikuwa jambo zuri kama kuona jua la kukaushia mahindi.

Kisha Kifaru. Tukaenda mpaka Litein na kurudi. Hamsini kwa hamsini. Nelvine alitikisa simu akidhani imekwama. Dorcus akasema, mbele ya mume wake, kwamba mita ya Mzee Robert ndiyo ya kuaminika na Kifaru ndiye atakayembeba bibi arusi na kuongoza msafara. Jackton atabeba wasimamizi, gari la pili.

La pili. Nilimwomba arudie kwa ajili ya waliokaa nyuma.

Chepkemoi alikuja baadaye, nikiwa nakamua. Akachukua ndoo ya pili akakaa upande wa ng'ombe mwingine kama zamani. Akasema amefurahi. Akaniuliza kama nakumbuka nilichomwahidi akiwa mdogo. Nikajifanya ng'ombe amenipiga teke.

Ijumaa, 13 Desemba

Jackton ameosha gari lake. Sawa, kila mtu anaosha. Lakini amelifunga riboni za dhahabu na sinendet, ule mmea wetu wa kutambaa tunaowavisha mashujaa shingoni. Huyu amekuja hapa kwa kazi ya kiwanda, na sinendet amefunga vizuri kuliko mimi niliyezaliwa nayo. Na zaidi ya yote, ameweka rimu mpya. Zinang'aa hivi kwamba kuku walikuwa wanajitazama.

Watu walijaa uani kwake. Chepkemoi akaja akapiga picha. Alichuchumaa kabisa, akaweka uso karibu na rimu, akacheka. Jackton alisimama kando kama mtu aliyezaa rimu hizo.

Nikamtazama Kifaru. Magurudumu yake ni kama viatu vya shule, mwisho wa muhula. Gari la bibi arusi! Gari la kwanza!

Nikaenda kwa Ogoti. Alikuwa na seti ya magurudumu makubwa, marefu, yametolewa kwenye gari la mwindaji fulani. Akakataa kunipa. Akasema gurudumu kubwa likizunguka mara moja linakula barabara nyingi zaidi, na mita haitajua. Zamani ilikuwa inakudanganya kwamba unakimbia. Sasa itakudanganya kwamba unatembea. Subiri Jumatatu nitafute kigia kingine.

Jumatatu! Harusi ni kesho. Nikamwambia mita imepona, imepita mtihani mbele ya kamati nzima na setilaiti. Akasema setilaiti haikuona hizi tairi. Nikamwambia afunge. Akafunga, huku akitikisa kichwa na kuwaita tena wale mafundi wa ng'ambo.

Sasa Kifaru amesimama kama ghorofa. Magurudumu yametokeza nje kwa kila upande kama viwiko vya mtu anayegombania nafasi. Janeffer amejaribu kupanda akashindwa, akaleta kreti ya soda. Akaniuliza, "Baba Aron, na hiyo shela nayo itapanda kreti?" Nikasema bibi arusi wa heshima hupanda ngazi.

Jackton alipita. Alitazama magurudumu, akaenda kupangusa rimu zake tena. Nimelala kidogo mchana kwa furaha.

Jumamosi, 14 Desemba

Naandika Chepseon, nyumbani kwa kina Kipngetich, nyuma ya hema la wapishi. Nimeomba karatasi kwa mpishi. Hii nitaibandika.

Tuliondoka Boito na vigelegele. Chepkemoi alipandishwa kwa kreti, Janeffer akisukuma na shangazi wawili wakivuta shela. Alikaa mbele. Kiti cha ahadi. Nikawasha Kifaru, nikaweka mshale kwenye hamsini, na nikaapa kwamba hautatikisika.

Haukutikisika. Nilishika hamsini kama mtu aliyebeba mayai. Macho kwenye mshale, mguu mmoja unahesabu pumzi. Niliona tu kwenye kioo kwamba Jackton amebaki. Nikasema moyoni, rimu zote hizo na hawezi hata hamsini. Baadaye msafara wote ukapotea. Dorcus akapiga simu, Chepkemoi akapokea, akasema Mama Nelvine anasema punguza. Nikamwambia amwambie mwenyekiti kwamba niko hamsini kamili, kama kamati ilivyoamua. Simu ikapiga kelele nyingi. Dirisha la Kifaru upande ule halifungi sawasawa, kwa hivyo shela ilikuwa dirishani inapunga watu njia nzima, na Chepkemoi ameshika paa kwa mkono mmoja na maua kwa mwingine. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ni upepo wa Kericho.

Tulipita Kericho. Mbele kidogo, kwenye soko lenye kibao cha hamsini, afisa wa trafiki akainua mkono.

Alikuwa mtu mstaarabu. Alimsalimia bibi arusi kwanza. Kisha akanionyesha kile chombo chake. Sitini na nne. Nikamweleza, kwa utulivu, kwamba chombo chake kina hitilafu, kwamba mita hii imethibitishwa na kamati, na kwamba nina fundi ambaye angeweza kumsaidia. Akazunguka Kifaru mzima bila haraka. Akapima kwa mkono jinsi magurudumu yalivyotokeza. Akaniuliza nilibadilisha lini. Nikasema jana.

Akasema, "Mzee, bibi arusi ataenda. Wewe ukitaka utaenda. Gari hili halitoki hapa mpaka lirudishiwe tairi zake."

Nilijaribu kusema mengi. Nilitaja hata jina la mchungaji. Afisa alikuwa anasikiliza na kutikisa kichwa kwa huruma, na hilo ndilo lilinimaliza.

Ndipo msafara ukafika. Kwa hamsini ya kweli, ile ya simu ya Nelvine, magari yote yamefuatana kama watoto wa bata, Jackton mbele. Nilijitayarisha kwa kicheko chake. Hakucheka. Alishuka, akawahamisha wasimamizi kwenye magari ya nyuma, akafungua mlango wa viti vyeupe, akasimama kando. Angecheka ningejua la kufanya.

Nikamwambia Chepkemoi aende tu, mimi nitabaki na Kifaru, mtu asiibe magurudumu. Alikuwa ameshaingia. Akateremka tena, na shela yote hiyo, kwenye vumbi.

"Anko, ingia."

Nikasema gari haliwezi kuachwa.

"Tangu Boito umekuwa ukiangalia mshale," akasema. "Hujaniangalia mimi hata mara moja. Nilitaka unipeleke. Sikusema uendeshe."

Nikamwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza leo, ni kweli. Anafanana na dada yangu mpaka mtu anataka kukaa chini. Afisa wa trafiki akageuka kuangalia mahali pengine.

Nikaingia nyuma. Tulikaa pamoja. Jackton akaendesha. Chepkemoi akaniwekea mkono wake kwenye mkono wangu wenye grisi, na glavu nyeupe, hakujali. Akanisimulia siku nilipombeba mgongoni kwenye mvua kutoka shule kwa sababu gari lilikuwa kwa fundi. Akasema hakumbuki safari yoyote ya gari la zamani. Anakumbuka ile ya mgongoni. Nilicheka, nikalia, nikamwambia ni kile kiyoyozi kinanipiga machoni.

Na nikaona kitu kwenye kioo cha ndani. Jackton alikuwa anatutazama. Anaangalia barabara, anatutazama, anaangalia barabara. Namjua mtu mwenye wivu nikimwona. Nina uzoefu.

Tulifika mlangoni saa ileile iliyoandikwa kwenye kadi. Nikampeleka ndani mimi, kwa miguu. Hatukupimwa na mtu.

Jumapili, 15 Desemba

Ningetaka kusema nimeamka na amani. Niliamka nayo. Ilidumu mpaka nilipokumbuka hotuba.

Jana jioni Dorcus alisimama kutoa shukrani. Akashukuru wapishi, akashukuru kwaya, kisha akamwita Baba Nelvine asimame, dereva aliyemfikisha bibi arusi salama, kwa mwendo uliopangwa. Akaombewa makofi ya kilo. Watu mia nne wakampigia kilo nzima. Mabibi wa Chepseon wakamvisha sinendet. Kipngetich, mkwe wetu wenyewe, akampa mkono kwa mikono miwili. Jackton akainama kidogo, kama rais.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kabisa. Hakuna makofi ya mtu aliyekaa kiti cha nyuma. Hayapo. Nilisubiri.

Leo Ogoti alinifuata Chepseon na magurudumu ya zamani ya Kifaru, tukarudi wote kule sokoni, tukamrudishia. Afisa alikuwepo, akauliza habari za maharusi. Tulipoondoka Ogoti akaweka simu yake juu ya dashibodi. Hamsini kwa hamsini. Mita safi. Akaniambia sasa, Mzee, tafadhali, mwache hivi hivi. Nikasema ndiyo, ndiyo.

Tulipofika nyumbani Jackton alikuwa uani kwangu, amerudisha jembe. Alikuwa mpole, hata alinisifu jinsi nilivyotembea kanisani. Akakohoa kile kikohozi chake. Akasema Nelvine ameposwa, harusi ni Aprili. Akasema, bila kunitazama, kwamba tangu jana amefikiri sana, na siku hiyo yeye hataendesha, atakaa nyuma na binti yake. Kwa hivyo wanatafuta mtu wa kuendesha gari la bibi arusi. Mtu mtulivu.

Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshasema mimi.

Aprili ni mwezi wa mvua, lakini kutoka Litein kwenda juu ni lami tupu. Nimempigia Ogoti. Ana difu ya basi pale nyuma ya gereji, ile ya mwendo mrefu, Kifaru atakimbia mpaka aombe radhi. Ogoti ameanza kuniuliza habari za mita.

Nikamwambia mita asiiguse. Ile imepita mtihani wa kamati. Aangalie kioo cha ndani tu, akigeuze juu kidogo, nisimwone Jackton kule nyuma akifurahi.